Fimbo Iliyobaki Kolwezi

Daktari wa vidonda alikuja Kolwezi siku ya Jumatano tu. Alitoka Likasi asubuhi, saa saba mchana akaanza kupokea wagonjwa, na saa kumi na moja gari likamrudisha. Nataja saa hizi kwa usahihi kwa sababu mguu wa mama yangu ulikuwa ndani ya saa hizo. Alikuwa na kidonda kwenye kisigino cha kushoto, kidonda cha ugonjwa wa sukari, na daktari alitueleza bila kuzunguka: kikisafishwa kwa mkono wake kila wiki, mguu utabaki. Kikikosa wiki mbili mfululizo, uozo utafika kwenye mfupa, naye atalazimika kukata.

Mama aliishi karibu na kituo kidogo cha reli magharibi mwa Kolwezi, upande wa Mutshatsha. Barabara ya huko ilikuwa na daraja, na daraja lilichukuliwa na maji, na hakuna aliyekuja kulirudisha. Ilibaki treni ya abiria. Ilipita mara moja kwa wiki kuelekea Kolwezi, Jumatano asubuhi, na kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa kituoni ilitakiwa kufika Kolwezi kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo treni na daktari walikubaliana. Niliposoma karatasi ile mara ya kwanza nikiwa na mgonjwa mkononi, niliamini, kwa upuuzi ambao bado unanishangaza, kwamba mambo yamepangika.

Watu wameniuliza kwa nini sikumhamishia kwangu. Wanauliza kwa sauti ya upole ambayo nimeanza kuichukia. Nilikuwa nimepanga chumba Kasulo, ambako watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Mama alikuja mara moja, akakaa kitini mchana kutwa, akasikia nyundo chini ya sakafu ya jirani, kisha akafunga mzigo wake.

“Mi siwezi kulala juu ya shimo ya batu,” alisema. “Siku nitakufa, batanizika. Leo bado.”

Sikuwa na uwezo wa kupanga chumba kwingine. Nilikuwa namalizia shahada ya uzamili, na tasnifu yangu, hili ndilo linaloniuma nikilitaja, ilihusu treni ile ile. Nilitaka kuonyesha jinsi treni ya abiria inavyoweza kwenda kwa heshima juu ya reli inayotumiwa pia na treni za mizigo. Nilikulia pembeni mwa reli hiyo. Nilitaka kuthibitisha kwa michoro na majedwali kile ambacho kila mama mwenye kikapu anakijua kwa kukaa juani: kwamba shaba ikipita, mtu husubiri.

Hali yenyewe si ngumu kuielewa. Reli ni moja. Treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa kwenye vituo vichache vyenye njia ya pembeni. Njia hizo za pembeni zilijengwa zamani, wakati treni zilikuwa fupi. Treni ya mizigo ya leo, yenye shaba inayokwenda Angola au yenye salfa inayorudi kwa ajili ya viwanda, haienei humo. Kwa hiyo anayepisha ni yule mfupi, kila mara, hata kama alitangulia. Treni ya mama yangu iliingia pembeni, ikazima injini, na mizigo ikapita katikati kama mwenye nyumba.

Halafu kuna fimbo. Watu wa reli huiita bato, kwa Kifaransa chao. Ni chuma kinene chenye urefu wa mkono, na kimechorwa majina ya vituo viwili. Kwa kila kipande cha reli kati ya vituo viwili kuna fimbo moja tu duniani. Dereva asiyeishika haruhusiwi kuingia katika kipande hicho, hata kama anaona kwa macho yake kwamba njia ni tupu. Ni utaratibu wa kizamani, na ni mzuri, kwa kuwa fimbo moja haiwezi kuwa mikononi mwa madereva wawili.

Ubaya huanza pale treni ya mizigo inapotoka magharibi nyuma ya treni ya abiria. Katika kituo cha mwisho kabla ya Kolwezi, abiria huwekwa pembeni, mizigo hupita, na mizigo huondoka na fimbo. Fimbo sasa iko Kolwezi. Abiria wako huku. Njia ni tupu, injini ni nzima, dereva ameketi, na hakuna anayeweza kusogea mpaka treni nyingine itoke Kolwezi na kuirudisha. Treni hiyo huenda ikatoka baada ya saa moja. Huenda ikatoka kesho.

Wakubwa wa reli hawakuwahi kulitatua jambo hili. Lilitatuliwa na mzee mmoja mwenye baiskeli.

Alikuwa amefanya kazi ya kukaza reli tangu ujana, akastaafishwa, na akabaki kuishi katika nyumba ya matofali nyuma ya kituo kile. Mizigo ilipoondoka na fimbo, mkuu wa kituo alimpigia simu mwenzake wa Kolwezi, na mzee alikuwa amekwisha kupanda baiskeli. Alifuata njia ya miguu kando ya reli, akaichukua fimbo, akaifunga kwenye fremu kwa mpira wa tairi, akarudi. Abiria walimwona kwa mbali kwenye tuta. Wanawake walianza kukunja vitambaa vyao na kuwaita watoto waliokuwa wakicheza kwenye kokoto. Mama yangu alimwekea mzee huyo mihogo mikavu katika mfuko wa peke yake, naye alimwulizia mguu kila wiki. Hakuwa na cheo, mkataba wala koti la kampuni.

Nilikaa kituoni hapo siku nyingi nikikusanya data. Mzee alinikaribisha kwake kula, akanicheka kwa jinsi nilivyoandika saa na dakika ya kila kitu, hata dakika aliyopiga chafya.

“Andika vizuri, mademoazeli,” alisema. “Mi ndjo treni yenyewe. Hizi zingine zinabeba tu bintu.”

Niliandika vizuri.

Katika sura ya pili ya tasnifu, mahali pa kueleza hali ilivyo, niliandika sentensi hii, ambayo naitafsiri kutoka Kifaransa changu safi: “Kuhamisha fimbo kwa baiskeli, nje ya mikono ya dereva na mkuu wa kituo, ni uvunjaji wa kanuni ya usalama.” Nilikuwa nimeisoma kanuni. Kanuni ilisema hivyo. Katika sura ya tano, kurasa nyingi baadaye, nilipendekeza mzee apewe ajira rasmi na pikipiki, treni ya abiria itangulie mizigo siku ya Jumatano, na njia ya pembeni ya kituo kile irefushwe. Kwa akili yangu, sura ya pili na ya tano zilikuwa kitu kimoja. Sikufikiri kwamba kuna watu wanaosoma mpaka wapate wanachokitaka, kisha wanafunga kitabu.

Nimekwisha kuifikiria sentensi ile mara nyingi kuliko nilivyofikiri juu ya jambo lolote maishani, na sasa najua kwamba hata kwa lengo la kanuni yenyewe haikuwa sahihi. Fimbo ikiwa juu ya baiskeli haiko katika treni yoyote. Hakuna dereva anayeweza kuingia. Kwa muda wote ule ambao mzee alikuwa akikanyaga pedali, kipande kile kilikuwa salama kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nimefurahi kukuta kosa. Siku ya kutetea tasnifu, mmoja wa maprofesa aliisoma sentensi hiyo kwa sauti na kusema kwamba huo ndio utafiti wa uwanjani. Nilitabasamu. Nakumbuka misuli ya uso ilivyouma kwa kutabasamu.

Kwetu, mwanafunzi aliyepokelewa na ofisi kwa ajili ya utafiti hurudi na nakala iliyojalidiwa, yenye maneno ya shukrani kwenye ukurasa wa kwanza. Ni adabu. Nilinunua jalada la bluu, nikaipeleka nakala kwenye ofisi ya reli kwa mikono miwili.

Jumatano ya kwanza baada ya hapo nilikwenda kumchukua mama. Tulifika katika kituo kile kabla ya saa nne, na muda ulitutosha hata kwa kubakiza. Tuliingizwa pembeni. Salfa ikapita, behewa baada ya behewa, harufu yake ikatuingia puani, na ikaondoka na fimbo. Mama alinyoosha mguu juu ya benchi, akafunga macho. Nilitoka kutazama tuta.

Saa tano, tuta tupu. Saa sita vile vile. Nilikwenda kwenye chumba cha mkuu wa kituo na kumkuta amesimama mlangoni, amezungukwa na abiria. Alikuwa mtu mtaratibu, mwembamba, mwenye shati lililofungwa hadi shingoni. Aliwaambia bato iko Kolwezi. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha kuku akamwuliza itarudi saa ngapi.

“Mupaka treni itoke kule, Mama.”

“Na Tata ya kinga iko wapi? Amegonjwa?” Alimaanisha mzee wa baiskeli.

Mkuu wa kituo aligusa kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye mhuri. Ilisema kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kwa mtu yeyote kusafirisha fimbo kwa baiskeli, pikipiki au miguu. Chini yake, kama sababu, ndani ya alama za kunukuu, ilikuwapo sentensi yangu. Jina langu halikuwapo. Walikuwa wameandika: utafiti wa chuo kikuu.

Niliisoma mpaka mwisho, kisha nikaisoma tena kana kwamba kungekuwa na sura ya tano nyuma ya karatasi.

Mwanamume mmoja aliyejua Kifaransa akawatafsiria wengine. Walicheka, cheko la watu waliokwisha kukasirika muda mrefu. Mwenye kikapu cha kuku alisema huyo aliyesoma sana aje apande hapa na makalio yake, aone. Mwingine akasema hawezi kuja, watu wa namna hiyo wanapanda gari lenye kioo cheusi. Nilisimama katikati yao na daftari langu chini ya kwapa.

Walipotawanyika kutafuta kivuli, nilimwambia mkuu wa kituo kwamba aliyeandika ni mimi.

“Najua,” alisema. “Nilikupatia kiti ukaandikia.”

Nilimweleza kuhusu sura ya tano. Nilimweleza kuhusu daktari, saa kumi na moja, mfupa. Nilimwambia, kwa haraka iliyonitia aibu, kwamba mzee akiichukua fimbo sasa hivi tutafika. Alifunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

“Mademoazeli, mi niko na batoto. Karatasi iko na mhuri. Maneno ndjo yako.”

Treni ya kuirudisha fimbo ilitoka Kolwezi alasiri. Tulipofika hospitalini jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya udongo wa migodi, na gari la daktari lilikuwa limeondoka. Muuguzi alikifunga kidonda upya kwa uangalifu mkubwa. Alisema yeye anaweza kufunga, kukata nyama iliyokufa ni kazi ya daktari, na turudi wiki ijayo bila kukosa. Siku ya tatu, baada ya kulala hospitalini, nilimrudisha mama nyumbani kwa treni iliyokwenda magharibi, kwa kuwa alikataa kukaa Kasulo wiki nzima. Nilimbembeleza. Sasa naona kwamba ningemfungia mlango. Kisha naona kwamba binti hawezi kumfungia mama yake mlango ili kufidia upumbavu wa ratiba. Kisha naona tena kwamba ningemfungia.

Kabla ya safari hiyo, Alhamisi, nilikwenda ofisini. Afisa aliyenipokea alikuwa na jalada langu la bluu mezani, na karatasi ya manjano ikichungulia kutoka sura ya pili. Katika sura ya tano hapakuwa na alama yoyote. Aliniagizia soda. Alisema ofisi imefurahi kuona chuo kikiwasaidia, kwa kawaida tasnifu hukaa kabatini, lakini yangu wameitumia ndani ya wiki.

Nilimwomba aondoe marufuku. Nilimwonyesha ukurasa wa pendekezo. Nilimwambia kwamba hahitaji kujenga kitu: Jumatano aiache treni ya abiria itangulie, mizigo ifuate. Alisikiliza mpaka mwisho, lazima nikiri hivyo.

“Mizigo iko na wenyewe,” alisema. “Behewa likichelewa, wananipigia simu kutoka nchi tatu. Abiria nani ananipigia?”

“Mimi niko hapa.”

“Wewe ulituandikia kwamba ni hatari. Ni pendekezo moja tu tuliweza kulitimiza bila bajeti. Sasa unataka nikuandikie nini, kwamba umejidanganya?”

Nilimwambia ndiyo, niandikie hivyo. Aliangalia saa yake. Alisema niandike barua, nieleze kisayansi, itapelekwa kwenye kamati ya usalama. Niliiandika pale pale kwenye korido, nikiegemea ukuta, kurasa mbili na mchoro. Katibu aliipiga mhuri wa kupokelewa. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa na adabu zote: nilisema asante, nilisema siku njema, nikafunga mlango taratibu.

Jumatano ya pili nilikuwa na mpango. Wapanga ratiba walinipa taarifa kwa simu kwamba hakuna mizigo kutoka magharibi asubuhi hiyo. Mama alipanda, mguu umefungwa kanga mbili, uso wake una homa. Alinitania kwamba leo enjenieri amesafisha njia. Tulikwenda vizuri hadi kituo kile. Hapo tukaambiwa tuingie pembeni, maana treni tupu ya shaba, mabehewa yanayorudi kupakiwa, ilikuwa nyuma yetu, nayo haikuandikwa mahali popote kwa sababu iliongezwa alfajiri.

Nilimwendea dereva wetu. Nilimwambia aondoke sasa, fimbo bado iko hapa, mizigo haijafika. Alisema ameamriwa. Nilimwendea mkuu wa kituo, nikamwambia kile kile, na mbele ya abiria wote nikapiga kelele, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilimwuliza kama mabehewa matupu yana mguu. Nilimwuliza mara kadhaa. Alisimama akiwa na ile fimbo mikononi, akiishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwingine, machozi yakimlenga, mpaka treni tupu ilipokuja na akamnyooshea dereva wake.

Tulikaa pale hadi saa kumi. Mwenye kikapu cha kuku, ambaye wiki hiyo alibeba vitunguu, alimpepea mama kwa kipande cha boksi. Harufu ya mguu ilikuwa imetoka nje ya kanga, na hakuna aliyesogea mbali. Nilikwenda kubisha katika nyumba ya matofali. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Jirani alisema mzee amekwenda Mutoshi kutafuta kazi ya ulinzi, kwani tangu ile karatasi watu wa kampuni walimkataza hata kukanyaga kando ya reli.

Tulifika Kolwezi saa kumi na mbili kasoro. Daktari alirudi Jumatano iliyofuata, na mama alikuwa bado kwenye kitanda cha hospitali, kwa kuwa safari hii sikumwuliza mtu ruhusa. Alikifungua kidonda, akaingiza chuma chembamba, na nikasikia chuma kikigusa kitu kigumu. Hakuhitaji kunieleza. Alikata chini ya goti, siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi na moja.

Kwa siku nne mama hakusema mengi. Siku ya tano alikula uji wote, akaniuliza nani aliyeandika karatasi ya ukutani, kwa sababu wale wanawake wa treni walikuja kumtazama na kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Ningeweza kujibu kwamba ni ofisi, na lingekuwa jibu sahihi. Nilikuwa nimeandaa maelezo: sura ya pili, sura ya tano, bajeti, mabehewa matupu, nchi tatu zinazopiga simu. Nilimweleza yote kwa mpangilio, hasira ikinipanda kila nilipofika kwa yule afisa na soda yake, na nikamwambia mwisho kwamba sentensi ni yangu.

Aliangalia mahali ambapo shuka lililala bapa.

“Tata ule alikupatia chakula?” aliuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Mara ngapi?”

“Mara sita.”

“Na ukamwandika.”

Nikaanza tena kumweleza kwamba nilikuwa nimependekeza apewe pikipiki. Alinyanyua kiganja kunikatiza. Aliuliza mzee yuko wapi sasa. Nikamwambia Mutoshi, wanasema. Akauliza kama nilikwenda kumtazama. Nilimwambia bado, nilikuwa naandika barua ya pili kwa kamati.

Akageuza uso upande wa dirisha. Baada ya muda midomo yake ilikauka, akataka maji. Bilauri ilikuwa kwenye meza upande wangu, nami nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono. Alimwita muuguzi.